Mguu Uliobaki Hewani

Pini hakubisha hodi wala hakusalimia. Alisukuma mlango wa duka la miwani kwa bega, kengele ikalia kwa fujo, na kabla haijanyamaza alikuwa ameshaiweka santuri juu ya kaunta ya kioo, mbele ya fundi aliyekuwa ameinamia lenzi za mwalimu mmoja mstaafu.

"Chukua kitu chako," alisema.

Fundi miwani aliinua kichwa akiwa na tabasamu tayari. Maskini, alikuwa amelala nalo na kuamka nalo tangu juzi, akingoja saa ya kulitumia. Alijua Pini atakuja. Alikuwa amejipangia hata namna atakavyoingia: atamrukia shingoni, Mama awepo asiwepo, na yeye atajifanya hajui anashukuriwa kwa lipi. Kumbe tabasamu la harusini alikuwa amelileta msibani.

"Umeisikiliza?" aliuliza.

"Nimeisikiliza."

"Umeona ilivyo? Haina hata unywele wa mkwaruzo. Niliipitia yote kwa kioo cha kukuzia, mstari kwa mstari, mpaka jicho likatoka machozi."

"Miwani." Ndivyo alivyomwita tangu mwanzo, kwa jina la kazi yake, na siku nyingine zote neno hilo kinywani mwake lilikuwa tamu. "Ya kwangu iko wapi?"

"Hiyo ndiyo ya kwako sasa."

"Sijauliza hiyo. Nauliza ile yangu. Iliyokwaruzika. Iko wapi?"

Hapo ndipo alipomtazama vizuri. Pini alikuwa amevaa koti lake lile lile la ngozi, alilojishonea kwa mabaki ya viti vya magari, maana kushona viti vya magari ndiyo kazi iliyomlisha yeye na bibi yake. Kola ilijaa pini tupu, na jina la Pini wengi walidhani limetokea hapo. Kichwa amenyoa upande mmoja, upande wa pili nywele zimesimama kwa ubishi. Yote hayo fundi aliyazoea na kuyapenda. Asichokizoea ni macho. Macho ya Pini yalikuwa mekundu, na Pini hakuwa mtu wa kulia. Jioni za mwisho wa wiki alisimama mbele ya kundi lake la muziki wa panki, kundi lenye wapigaji watatu na majirani wengi wenye malalamiko, akapayuka mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Hasira zake zote alizimaliza hapo, na akishuka alikuwa mtu mpole wa kukutilia chai.

Nyuma ya pazia la duka, mama yake fundi aliacha kupanga fremu za miwani. Hakuchungulia. Aliacha tu kupanga, ili asikie vizuri.

Wawili hawa walikutana wakiwa wameinamia sanduku moja la santuri kuukuu kwenye soko la mitumba, mikono yao ikashika jalada moja kwa wakati mmoja. Fundi aliitaka kwa sababu ilikuwa safi. Pini aliitaka kwa sababu ilikuwa na kelele. Waligombana mpaka muuzaji akawafukuza wote wawili, wakaendelea kugombana njiani, wakagombana juu ya vikombe vya kahawa, na walipoagana kila mmoja alikuwa ameshaanza kumtafuta mwenzake kwenye mawazo. Nyumbani kwa fundi santuri zilisimama ukutani kwa alfabeti, kila moja ndani ya mfuko wake wa plastiki. Za Pini zilikaa popote, na majalada yake yalijaa maandishi ya kalamu nene: nani alicheza, nani aliangusha kikombe, nani alilia.

"Santuri isiyochezwa ni sinia," alipenda kusema Pini.

"Na inayochezwa kwa sindano butu ni kifusi," fundi alimjibu, na hapo kicheko kikaanza, na baada ya kicheko macho, na macho yakikutana hivyo hakuna tena wa kukumbuka walikuwa wanabishania nini.

Pini alimkabidhi santuri zake azioshe. Kwa mtu kama Pini, hiyo ilikuwa zaidi ya kukabidhi ufunguo wa nyumba. Na ndani ya furushi la mwisho ndimo ilimokuwa ile ndogo ya bibi yake, yenye wimbo mmoja kila upande, na mkwaruzo mbaya karibu na karatasi ya katikati. Fundi aliona uchungu kuutazama. Akawaandikia wakusanyaji wenzake wa mbali na wa karibu, akabembeleza, akatoa tatu zake nzuri kubadilishana, mpaka akaipata nyingine ya wimbo uleule, nzima, kama imetoka kiwandani asubuhi. Kisha akafanya wafanyavyo wakusanyaji wote. Ukipata santuri nzima yenye jalada bovu, na jalada zuri lenye santuri mbovu, unawaozesha wazima wawili, wabovu wanakwenda zao. Jalada la bibi lilikuwa na maandishi ambayo Pini asingekubali kuyapoteza, hivyo akaliacha. Ndani yake akatia santuri mpya. Hakusema neno. Kipya kinyemi, aliwaza, ngoja ashtukie mwenyewe.

"Sasa sikiliza," Pini alisema, na sauti yake ikashuka, jambo lililomtisha fundi kuliko makelele. "Jana nilimwekea Bibi. Unajua Bibi anasahau."

"Najua." Alimfahamu yule bibi kwa kukutana naye barazani tu. Wageni ndani ya nyumba walimchanganya, hivyo fundi alikomea mlangoni, na kila alipofika aliulizwa mbona bomba la jikoni bado linavuja.

"Asubuhi anasahau kama amekula. Anasahau chumba chake ni kipi. Lakini nikimwekea wimbo ule anasimama. Anacheza, Miwani. Na ukifika pale kwenye mkwaruzo, sindano inakwama. *Nimekuja, nimekuja, nimekuja.* Basi Bibi anainua mguu hivi..."

Akauinua, palepale mbele ya kaunta, na buti lake zito, na mkono mmoja hewani.

"...anakanyaga sakafu, puu! Sakafu yetu ni ya mbao, meza inatikisika, sindano inaruka, wimbo unaendelea. Na akishakanyaga ananigeukia, anacheka, ananiita. Kwa jina langu. Kwa siku nzima ni hapo tu ndipo ananijua mimi ni nani."

Fundi aliiweka chini lenzi ya mwalimu.

"Jana akainua mguu. Wimbo ukapita. Hakuna kilichokwama. Mguu ukabaki hewani, mzee wa watu amesimama na mguu mmoja kama aliyesahau ngazi, anasubiri. Nikamshika asianguke. Akanitazama, akaniuliza, 'Wewe nani?'"

Buti likashuka taratibu.

"Hajawahi kuniuliza hivyo kwenye wimbo ule," Pini alisema. "Nimemwekea tena leo asubuhi. Akauliza tena."

"Pini, mimi sikujua. Hukuniambia."

"Hukuniuliza! Ungeniuliza tu, 'Mpenzi, hii nayo niibadilishe?' Kuuliza kunauma? Lakini wewe hukuona kitu cha kuuliza. Uliona uchafu, ukausafisha. Sasa nipe yangu niende."

Kuna ukweli ambao hata ukiutafutia mlango wa nyuma hautoki.

"Niliitoa," fundi alisema. "Mbovu zote huwa nampelekea yule mama anayetengeneza vyungu vya maua. Anazipasha moto kwenye tanuri mpaka zinalainika, anazikunja juu ya kopo..."

"Umeipika."

"Si mimi..."

"Umepika santuri ya bibi yangu ikawa chungu cha maua." Alicheka kidogo, kicheko kibaya kisicho na furaha, akafuta pua kwa mkono wa koti. "Na mimi nikamwambia Bibi nimepata mwanaume anayejua kutunza vitu. Usinifuate, Miwani. Nakuomba."

Kengele ikalia tena. Santuri mpya ikabaki juu ya kaunta ndani ya jalada lake kuukuu.

Mama alitoka nyuma ya pazia akiwa ameshika fremu ambayo wala hakuwa na haja nayo.

"Afadhali," alisema. "Mimi nilisema tangu siku ya kwanza. Msichana amenyoa kichwa nusu, kama aliyekatikiwa umeme kwa kinyozi. Utampeleka wapi? Utamwambia shangazi yako nini?"

"Mama, tafadhali."

"Tafadhali nini? Wapo wasichana wenye kichwa kizima."

Fundi alivua koti la kazi, na jambo hilo peke yake lilimfanya mama yake anyamaze, kwa kuwa mchana kweupe hakuwahi kulivua.

"Na lenzi za mwalimu?"

"Mwalimu atangoja."

Mama wa vyungu alikuwa uani kwake, amezungukwa na kazi zake zilizopangwa juu ya mbao, santuri nyeusi zilizopandishwa kingo zikawa na mawimbi, kila moja imekaa juu ya kitako bapa chenye karatasi yake ya rangi katikati. Siku nyingine fundi aliviona vyungu hivyo vya kupendeza sana. Leo alipita katikati yavyo kama anayetafuta ndugu hospitalini.

"Ya njano," alisema. "Karatasi ya njano, ina alama ya kikombe cha chai pembeni."

"Hiyo nimeshaipandia mshubiri," alijibu yule mama. "Iko pale dirishani. Imependeza kweli, utadhani ilizaliwa chungu."

Fundi aliishika kwa mikono miwili. Kingo zilikuwa zimekunjamana, mistari ya muziki imevutika na kupinda, haiwezi kusomeka tena na sindano yoyote duniani. Macho yakamjaa maji. Alikuwa mtu mzima, amesimama uani kwa watu, anaulilia mshubiri.

"Kuna nini, baba?" mama wa vyungu alimuuliza kwa upole. "Nimeharibu?"

"Hujaharibu wewe, mama. Nimeharibu mimi. Niruhusu niuhamishe huu mmea."

Waliuhamishia kwenye kopo la rangi. Fundi alikigeuza chungu, akakipangusa udongo kwa kitambaa cha miwani, akatoa kioo cha kukuzia mfukoni, kwa mazoea tu, kwa kuwa mikono yake haikujua kushika santuri bila kuichunguza. Na hapo akatulia. Kitako cha chungu kilikaa juu ya kopo wakati wa kuchomwa, hivyo hakikuvutika wala kukunjika. Kando ya karatasi ya njano mistari ilikuwa bado imelala sawasawa. Na katikati ya mistari hiyo, umekatiza kwa mshazari, ulikuwepo ule mkwaruzo.

Dukani aliporudi hakukaa. Alitandika karatasi nyembamba juu ya kitako cha chungu, akachora ulipoanzia mkwaruzo na ulipoishia, kama anavyochora kitovu cha lenzi kabla ya kuikata. Mama alimtazama.

"Huyo bibi yake," alisema baada ya muda, bila kumwangalia, "anaumwa?"

"Anasahau, Mama. Hamtambui tena mjukuu wake."

Mama aligeuza fremu mkononi, akaigeuza tena.

"Niliposikia lile 'puu!' nilidhani anataka kunivunjia kaunta," alisema. "Kumbe mtoto wa watu analia." Akaingia nyuma ya pazia, akatoka na mwavuli. "Shika. Mawingu hayo. Na uvae viatu vizuri, hivyo ulivyovaa vimeisha soli. Utaingiaje kwa watu na viatu vya namna hiyo?"

Hakuwa amesema amekubali. Lakini yeyote anayemjua mama yule angeelewa kwamba mwavuli wake haukuazimwa ovyo.

Mvua ilimkuta njiani, na mwavuli ukafunika santuri na chungu, yeye mwenyewe akaloa. Pini alifungua mlango nusu. Alikuwa hana koti, amejifunga taulo mabegani, na bila pini zake alionekana mdogo.

"Nilikuambia usinifuate."

"Sikukufuata. Nilipitia kwenye vyungu kwanza."

Akamwonyesha. Pini alikitazama kile kitu muda mrefu, kingo zake za mawimbi, karatasi ya njano, alama ya kikombe. Akakigusa kwa kidole. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, na fundi hakujua anacheka au analia mpaka alipoona ni vyote viwili.

"Kina hadi tundu la kutolea maji," Pini alisema.

"Kilikuwa na mshubiri."

"Nyamaza, Miwani. Usinichekeshe. Nimekukasirikia."

"Kasirika tu. Una haki. Nimekosa, na sina la kujitetea. Nilikuona una kitu kibovu, sikuona una kitu." Maji yalikuwa yakimdondoka kidevuni. "Lakini mkwaruzo upo. Uko hapa chini, haukuyeyuka. Nimeuchora. Nataka niuweke kwenye ile nzima."

Pini aliacha kulia.

"Wewe?"

"Mimi."

"Wewe unayeshika santuri kwa ncha za vidole kama mtoto mchanga? Wewe uliyemfukuza rafiki yangu nyumbani kwako kwa kuhema karibu na rafu ya santuri?"

"Mimi huyo huyo. Ninakupenda, Pini. Nakupenda kuliko rafu."

Kwa mtu mwingine yangekuwa maneno ya kawaida. Pini alijua rafu ile. Alifungua mlango wote.

Chumba kilikuwa kidogo na safi, sakafu ya mbao iliyochakaa mahali pamoja mbele ya mashine ya santuri. Bibi alikaa kwenye kiti alichoshonewa na mjukuu wake, cha ngozi nyekundu ya gari.

"Shikamoo, Bibi," fundi alisema.

"Marahaba. Umechelewa. Bomba limeloanisha jiko zima." Akamtazama Pini kwa adabu, kama mtu anavyomtazama mwenyeji asiyemfahamu. "Na wewe, mwanangu, ukae. Usisimame kwenye nyumba za watu."

Fundi aliona uso wa Pini. Asubuhi alikuwa amesimuliwa, sasa aliona mwenyewe, na aliapa moyoni kwamba hata kama santuri zote za ukutani zingehitajika, zingetoka.

Aliiweka ile santuri nzima mezani chini ya taa. Iling'aa. Akalaza karatasi yake, akatia alama. "Nipe pini," alisema, na Pini akachomoa moja kwenye kola ya koti lililoning'inia mlangoni, akaifungua, akamkabidhi.

Maisha yake yote mkono wa fundi ulifuta mikwaruzo. Watu walimletea dunia yenye ukungu, naye akawarudishia iking'aa. Akashusha ncha, akavuta kwa hofu, akaitoa haraka. Wakaiweka kwenye mashine. Gitaa likaanza, na ile sauti ya zamani ya mwanaume anayebembeleza:

*Nifungulie mlango, mpenzi, nimekuja,*
*nimekuja na viatu mkononi, wasisikie hatua...*

Bibi alishatoka kitini tangu gitaa lianze. Alicheza kwa mabega, macho kafumba. Karibu na mwisho maneno yaleyale yakarudi, pakafika pale. Mguu ukainuka. Sindano ikasema *tak*, kidogo tu, na wimbo ukaendelea na safari yake.

Mguu ukabaki hewani.

Pini alimdaka mkono, akamsaidia kuushusha mguu. Kisha aligeukia dirishani.

"Ngoja," fundi alisema. Alikuwa ameinama tena na kioo chake. "Haukuzama. Pembe ni yenyewe, mahali ni penyewe, sijui kwa nini. Pini, ile ya kwanza ilikwaruzwaje? Nani aliikwaruza?"

"Mimi."

Akageuka.

"Nilikuwa mdogo. Walikuwa wanajiandaa kwenda kwenye dansi, Bibi na watu wake, wananiacha. Nikachukua pini kwenye kikapu cha nguo, nikaukwaruza wimbo wao. Nilijua nitachapwa mpaka nikome. Bibi akaiweka, ikakwama, watu wote wakanitazama. Yeye akakanyaga sakafu, wimbo ukaruka, akacheka, akasema, 'Haya, Pini wewe, njoo ucheze, umeshatengeneza hatua mpya.' Hawakwenda dansi siku ile. Tulicheza hapahapa." Akapangusa shavu. "Ndiyo maana napiga panki, Miwani. Watu wanadhani napenda kuharibu. Mimi nilifundishwa kwamba kikiharibika hakitupwi, kinachezewa hapohapo."

Fundi aliitazama karatasi yake yenye vipimo.

"Ulipima?" aliuliza.

"Nilipima nini, wewe? Nilikuwa na hasira."

Pini alikuja akasimama nyuma yake. Aliikunja ile karatasi, akaiweka kando, kisha akaweka kiganja chake kigumu cha kushona ngozi juu ya mkono wa fundi ulioshika pini. Nywele zake zilizosimama zikamgusa sikioni. Fundi alihisi joto lake kupitia shati lililoloa, na kwa kitambo hakujua mapigo anayoyasikia ni ya nani.

"Una hasira na nani?" Pini alimnong'oneza.

"Na mimi mwenyewe."

"Inatosha. Acha kupima. Moja kwa moja."

Wakavuta pamoja. Ile pini ilipita ikilia, na sauti yake ilimwingia fundi kwenye meno. Lilikuwa jambo baya kupita yote aliyowahi kuifanyia santuri. Alishangaa kuona bado anahema, na mkono wa Pini bado uko juu ya wake.

Gitaa likaanza tena. Bibi, aliyekuwa amerudi kitini na kusahau kwamba alicheza, akainuka kama mara ya kwanza. Wimbo ulipokaribia mwisho, fundi hakutazama mashine. Alitazama ule mguu mwembamba uliovaa soksi ya sufu, uzee wote umeshikilia kiti kwa mkono mmoja.

*Nifungulie mlango, mpenzi, nimekuja...*

Mguu ukainuka. *Nimekuja* ikapita. Haikukwama. Pini akafumba macho.

*...nimekuja na viatu, viatu, viatu, viatu, viatu...*

Walikuwa wamekosea kwa mstari mmoja. Sindano ilining'inia kwenye neno jingine kabisa, ikilirudia bila aibu, viatu, viatu, kama mteja mkorofi dukani. Bibi alisimama na mguu wake hewani, uso umekunjamana. Alisikiliza. Aliitazama mashine, akaitazama meza, akaiona ile pini iliyoachwa wazi chini ya taa.

Mguu ukashuka kwa kishindo. Puu! Meza ikatikisika, sindano ikaruka, wimbo ukaendelea, na bibi akageuka, mikono kiunoni.

"Pini!" alisema. "Wewe mtoto! Umeniharibia tena santuri yangu?"

Pini alivuka chumba kwa hatua ambazo hakuzijua, akamkumbatia bibi yake, akacheka ndani ya shingo yake, na machozi yake hayakuwa na haja ya kufichwa na mtu.

"Si mimi, Bibi. Safari hii si mimi peke yangu. Ni huyu."

"Huyu? Fundi bomba?"

"Fundi bomba, Bibi," fundi alijibu. "Nisamehe."

Bibi alimpima kutoka kichwani hadi miguuni, nywele zinazochuruzika, shati lililoganda mwilini, viatu vilivyoisha soli vinavyotoa maji kwenye mbao zake.

"Kazi ya bomba huiwezi," alimwambia. "Na kukwaruza pia umekosea mahali. Lakini haidhuru, tutapazoea. Rudisha wimbo mwanzo, Pini. Na wewe, vua hayo mabwawa, huwezi kucheza hivyo."

Fundi aliinama akavua viatu. Pini alirudisha sindano mwanzo bila kuitazama, maana alikuwa anamtazama yeye, na kwenye macho yake mekundu yule mtu wa asubuhi hakuwepo tena. "Bado nimekukasirikia kidogo," alisema kwa midomo tu, bila sauti. "Najua," fundi alimjibu vilevile.

Alisimama katikati ya chumba, soksi zimeloa, viatu mkononi, hajui avipeleke wapi. Kwa mazoea akaelekea mlangoni kuvitoa nje, barazani, mahali ambapo siku zote alikuwa akikomea.

"Unakwenda wapi navyo?" Bibi aliuliza, bega moja limeshaanza kucheza. "Viweke ndani. Nje kuna mvua."